Kupima gesi ya radoni nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Radoni haionekani, haina harufu wala ladha, na haikuwashi kooni ukiivuta. Mtu anaweza kuishi nayo miaka 30 asihisi lolote. Hakuna namna ya kuijua isipokuwa kupima, na kupima kwenyewe si kazi ngumu. Kinachoharibu vipimo vingi ni haraka: kifaa kimewekwa jana, leo mwenye nyumba ameshatoa hukumu.

Radoni ni nini, na inaingiaje ndani?

Ni gesi ya asili yenye mionzi. Karibu kila udongo na kila mwamba una urani kidogo ndani yake. Atomi za urani huvunjika polepole sana na kugeuka elementi nyingine, hatua baada ya hatua, mpaka kufikia radiamu, na radiamu ikivunjika huzaa radoni. Elementi zilizotangulia zote ni yabisi, hubaki zilipo. Radoni ni gesi, kwa hiyo huchoropoka kutoka kwenye jiwe na kupanda kupitia nafasi zilizo kati ya chembe za udongo.

Ikitokea nje hutawanyika na haisumbui. Ikitokea chini ya nyumba, mambo hubadilika. Mgandamizo wa hewa ndani ya nyumba mara nyingi huwa mdogo kidogo kuliko ule wa udongo ulio chini yake, hasa nje kukiwa na baridi na ndani kukiwa na joto: hewa ya ndani hupanda na kutokea juu, na nafasi yake huzibwa na hewa inayovutwa kutoka chini. Inaingilia kwenye nyufa za sakafu, pale sakafu inapokutana na ukuta, na kwenye matundu yanayopitisha mabomba na nyaya. Ufa wa upana wa unywele unatosha.

Inayotuhusu zaidi ni radoni 222. Nusu ya atomi zake huisha kila baada ya siku 3.8, muda unaotosha kabisa kusafiri kutoka ardhini hadi chumbani. Ipo pia radoni 220, iitwayo thoroni, lakini hiyo nusu yake huisha ndani ya sekunde 56 hivi, kwa hiyo nyingi hufia njiani.

Inadhuru vipi?

Radoni yenyewe unaivuta na kuitoa. Hatari iko kwa vizalia vyake. Ikivunjika inageuka poloni 218, kisha aina za risasi na bismuthi, kisha poloni 214, na hizi si gesi tena. Zinanata kwenye vumbi, na vumbi likivutwa zinanata kwenye njia za hewa za mapafu. Zikiwa pale zinarusha chembe za alfa, ambazo ni aina ya mionzi. Chembe ya alfa huzuiwa na karatasi moja tu, na hata na ngozi ya juu ya mwili. Ndani ya pafu hakuna ngozi ya kuizuia, kuna seli hai, na nguvu yote ya chembe ile huishia humo.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka radoni mwaka 1988 katika kundi la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba kati ya asilimia 3 na 14 ya saratani zote za mapafu zinatokana na radoni, kutegemea nchi. Nchini Marekani pekee vinakadiriwa vifo 21,000 hivi kwa mwaka. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti 13 za Ulaya, uliotolewa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kila ongezeko la bekereli 100 kwa mita ya ujazo ya hewa (bekereli moja ni atomi moja kuvunjika kila sekunde), katika wastani wa miaka mingi, huongeza uwezekano wa kupata saratani ya mapafu kwa takriban asilimia 16. Kwa mvuta sigara asilimia hiyo inajengwa juu ya hatari ambayo tayari ni kubwa mno. Kama nyumbani kuna mtu anayevuta, kuacha sigara na kupunguza radoni ni mambo mawili ya kufanywa pamoja, lisingojee moja lingine.

Kuna dalili au kipimo cha damu cha kuonyesha kwamba nimevuta radoni nyingi?

Dalili hakuna. Kichwa hakiumi, kikohozi hakiji. Wala hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali cha kukuambia umevuta kiasi gani. Kinachopimwa ni nyumba.

Jirani yangu alipima, kwake hakuna tatizo. Nina haja gani ya kupima?

Unayo. Nyumba mbili zinazogusana zinaweza kupishana mara kadhaa, kwa sababu ya ufa ulio kwa mmoja usio kwa mwingine, au namna kila mmoja anavyofungua madirisha. Ramani za radoni zinasaidia serikali kujua eneo lipi litangulizwe. Hazikuambii lolote la uhakika kuhusu chumba chako.

Mwaka 1984 mhandisi Stanley Watras alikuwa akifanya kazi katika kituo cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, nchini Marekani. Alipopita kwenye vipima mionzi vya mlangoni, kengele zililia. Ajabu ni kwamba kituo kilikuwa bado kinajengwa, hakijaanza kuzalisha umeme. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mionzi alikuwa anaitoa nyumbani na kwenda nayo kazini. Nyumba yake ilikuwa na takriban bekereli 100,000 kwa mita ya ujazo. Familia ilikuwa inalala humo, na bila zile kengele za kazini isingejua. Tukio hilo ndilo lililowafanya wengi waanze kuichukulia radoni ya majumbani kwa uzito.

Kuna vipimo vya aina gani?

Kwa nyumba za kawaida utakutana na aina nne.

Cha kwanza ni kikopo cha mkaa maalumu. Unakifungua, unakiacha chumbani siku 2 hadi 7, mkaa unainasa radoni, unakifunga na kukituma maabara. Ni rahisi kukitumia, ila kina masharti mawili ambayo watu huyapuuza. Kwanza, radoni iliyonaswa inaendelea kuisha, nusu yake kila siku 3.8, kwa hiyo kikopo kinachokaa wiki mbili mezani kabla ya kutumwa kimekwisha kazi. Pili, maabara hukokotoa kwa saa uliyokifungua na saa uliyokifunga. Usiziandike kwa kukisia. Unyevu mwingi pia huusumbua mkaa.

Cha pili ni kipimo cha nyayo za alfa, na hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Ni kikasha kidogo cha plastiki kinachoenea kiganjani, hakina betri, hakina taa, hakitoi mlio. Ndani kuna kipande cha plastiki safi iitwayo CR-39, plastiki ile ile inayotengenezewa lenzi za miwani. Radoni inaingia kikashani kupitia upenyo mdogo unaozuia vumbi. Atomi ikivunjika humo, chembe ya alfa inaigonga plastiki na kuacha jeraha dogo lisiloonekana. Kikasha kinakaa miezi 3 hadi 12. Kikifika maabara, kile kipande kinatumbukizwa katika maji moto yenye magadi makali, na kila jeraha linalika na kupanuka mpaka linakuwa kishimo cha mviringo kinachoonekana kwa hadubini. Vishimo vinahesabiwa, na hesabu hiyo ndiyo inayotoa wastani wa miezi yote. Ukiitazama plastiki hiyo chini ya hadubini unaona hewa ya chumba kizima imeandikwa juu yake.

Cha tatu hutumia diski ya teflon iliyotiwa chaji ya umeme. Mionzi inaipunguza chaji hiyo taratibu, na tofauti ya volti kabla na baada ndiyo jibu. Hiki hutumiwa zaidi na wapimaji wa kazi.

Cha nne ni cha kidijitali, kinachoonyesha namba kwenye kioo au kwenye simu. Kina faida kubwa: unaona kiwango kinavyopanda na kushuka, na unaweza kukitumia miaka. Hasara yake ni kwamba kinamjaribu mtu aamini kila namba kinayoonyesha. Nimelieleza hilo chini zaidi.

Nichague kipimo cha muda mfupi au mrefu?

Kinachodhuru ni wastani wa miaka, kwa hiyo kipimo kinachoukaribia wastani huo ndicho bora. Ukiweza, pima miezi 3 au zaidi. Mwaka mzima ukipata ni bora zaidi, kwa sababu unabeba majira yote. Radoni hubadilika kati ya usiku na mchana, kati ya siku ya mvua na siku kavu, kati ya msimu wa kufunga madirisha na msimu wa kuyafungua. Kupima siku mbili tu ni sawa na kutia kijiti baharini ili ujue kina bila kuuliza kama maji yamejaa au yamekupwa.

Kipimo cha siku chache kina kazi yake. Kinafaa unapouza au kununua nyumba na muda hautoshi, unapotaka kujua haraka kama kuna balaa kubwa, au unapokagua kama marekebisho yamefanya kazi. Utaratibu wa Marekani unanipendeza katika hili: kipimo cha kwanza kikizidi kidogo kiwango cha kuchukua hatua, unarudia kwa kipimo kirefu, kikizidi mara mbili ya kiwango hicho, unarudia mara moja kwa kipimo kifupi kingine, kwa sababu hapo kungoja mwaka ni kujidhuru.

Nikiweke wapi hasa?

Katika chumba cha chini kabisa ambacho watu wanaishi ndani yake. Kama chini kuna stoo ambayo mtu huingia dakika 5 kwa wiki, stoo si mahali pake. Chumba cha kulala ndicho chaguo langu la kwanza: watu wanalala humo saa 7 au 8 mfululizo, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Sebule inafuata.

Usikiweke jikoni, bafuni wala chumba cha kufulia. Mvuke, unyevu na feni za kutoa moshi huvuruga matokeo.

Ukishachagua chumba, tafuta mahali ambapo kichwa cha mtu hukaa, ameketi au amelala. Rafu iliyo wazi au meza ya pembeni ya kitanda inafaa, urefu wa nusu mita hadi mita 2 kutoka sakafuni. Kiwe angalau sentimita 30 kutoka ukuta wa nje, karibu mita 1 kutoka dirishani na mlangoni, na sentimita 10 kutoka kitu kingine chochote. Usikifiche nyuma ya vitabu, usikitie kabatini, usikiweke juani wala mbele ya feni au kiyoyozi. Kisha kiache. Kipimo kilichohamishwa kupisha usafi kikasahaulika darini kwa wiki tatu kimepima dari.

Nyumbani kwenye watoto, kikasha cha nyayo za alfa kinaning'inizwa kwa uzi kutoka darini, mradi kishuke hadi kimo nilichotaja. Hakina sumu wala hakitoi mionzi. Tatizo pekee ni kwamba mtoto akikibeba kwenda nacho uani, hesabu inaharibika.

Je, nifunge madirisha wakati wa kupima?

Kwa kipimo cha chini ya siku 4, ndiyo. Funga madirisha na milango ya nje saa 12 kabla ya kuanza, yaani nusu siku, na uendelee hivyo hadi mwisho. Kuingia na kutoka kwa kawaida kunaruhusiwa. Zima feni zinazovuta hewa ya nje. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani kinaweza kuendelea, kwa kuwa kinazungusha hewa ile ile iliyomo. Na hapo pana jambo la kufikiria: chumba kinachopoozwa hivyo usiku kucha kimefungwa kabisa, hata kama nje kuna joto na upepo mzuri.

Kwa kipimo cha miezi, ishi kama unavyoishi siku zote. Kama madirisha yako hukaa wazi mwaka mzima, yaache wazi, kwa sababu hiyo ndiyo hewa unayoivuta.

Kipima changu cha kidijitali jana usiku kilionyesha 260, leo mchana 40. Kimeharibika?

Huenda ni kizima kabisa. Kwanza, radoni yenyewe hupanda usiku nyumba ikifungwa na kushuka mchana ikifunguliwa.

Pili, kuna jambo la hesabu ambalo vijitabu vya maelekezo hulipita haraka. Hewa yenye bekereli 100 kwa mita ya ujazo ina atomi 6 tu za radoni zinazovunjika kwa dakika katika kila lita. Kifaa kidogo kina ujazo mdogo kuliko lita. Kikiwa na desilita moja, ni kama atomi 36 kwa saa, na si zote zinazonaswa. Atomi hazivunjiki kwa zamu. Saa hii zinaweza kuvunjika 25, saa ijayo 45, na kiwango cha chumbani hakijabadilika hata kidogo. Namba ya saa moja, basi, ina bahati nasibu nyingi ndani yake. Namba ya siku ni nzuri kidogo, ya wiki inaanza kuaminika, ya miezi ndiyo ya kufanyia uamuzi. Ukikitoa kifaa kwenye boksi, usikisome kabisa siku ya kwanza. Kikikaa miaka, fuata maelekezo ya mtengenezaji kuhusu kukaguliwa usahihi wake, au kiweke wiki kadhaa kando ya kipimo cha maabara ulinganishe.

Bekereli na pikokyuri zina uhusiano gani?

Bekereli moja ni atomi moja kuvunjika kila sekunde. Nchi nyingi huandika bekereli kwa mita ya ujazo wa hewa. Marekani hutumia pikokyuri kwa lita. Zidisha pikokyuri kwa 37 upate bekereli. Kabla ya kushtuka au kufurahi, angalia kifaa chako kimewekwa kipimo kipi: 4 ya Marekani ni 148 kwingine.

Namba gani ni ya kuogopa?

Hakuna mstari ambao chini yake ni salama na juu yake ni hatari. Hatari hupanda pamoja na namba. Serikali huchora mstari mahali ambapo inaona hatua zinawezekana. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nchi ziweke kiwango cha bekereli 100 kwa mita ya ujazo, na isipowezekana, wasizidi 300. Marekani inasema rekebisha ukifikia 148. Uingereza na Kanada zimeweka 200. Umoja wa Ulaya unataka nchi wanachama zisivuke 300.

Mimi nashauri hivi. Chini ya 100, weka kumbukumbu yako na upime tena miaka ijayo. Kati ya 100 na 300, thibitisha kwa kipimo kirefu, kisha panga marekebisho pasipo papara. Juu ya 300, thibitisha upesi na urekebishe. Ikifika maelfu, ongeza hewa leo hii na hamisha vitanda vya watoto kwenye ghorofa ya juu wakati unatafuta fundi.

Naishi ghorofa ya tano. Radoni si gesi nzito inayokaa chini?

Ni nzito kweli, karibu mara 8 ya hewa, lakini ni chache mno kiasi kwamba inachanganyika na hewa na haitandi sakafuni kama maji. Ghorofa za juu huwa na kiasi kidogo kwa sababu ziko mbali na ardhi. Inaweza kupanda kupitia mashimo ya lifti na ya mabomba, na mara chache vifaa vya ujenzi vyenyewe huitoa. Sweden ilitumia kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 1975, zege nyepesi iliyotengenezwa kwa mwamba wenye urani, na nyumba hizo bado zinafuatiliwa. Meza ya jikoni ya itale, kwa kawaida, mchango wake ni mdogo sana.

Na maji ya kisima?

Maji yanayotoka ardhini yanaweza kuja na radoni iliyoyeyuka, nayo hutoka hewani unapooga au kufua. Makadirio yanayotumika ni kwamba bekereli 10,000 katika kiasi fulani cha maji huongeza bekereli 1 katika kiasi kile kile cha hewa ya nyumbani. Kwa hiyo anza na hewa. Hewa ikiwa juu na unatumia kisima kirefu, peleka maji maabara: jaza chupa mpaka juu kabisa bila kuacha kiputo, uifunge maji yakiwa bado yanafurika.

King'ora cha moshi au kisafisha hewa kinasaidia?

Ving'ora vya moshi na vya kaboni monoksidi haviitambui radoni. Kisafisha hewa hukamata vumbi na baadhi ya vizalia vilivyonata humo, gesi yenyewe inapita. Usikihesabu kama tiba.

Matokeo yangu yako juu. Sasa?

Kufungua madirisha kunashusha kiwango papo hapo, ila ukiyafunga kinarudi kilipokuwa ndani ya nusu siku hivi. Kuziba nyufa ni kazi nzuri ya kuanzia, lakini peke yake mara nyingi haitoshi, maana gesi hutafuta ufa mwingine. Njia iliyothibitika ni kuvuta hewa iliyo chini ya sakafu: bomba linatobolewa kupitia sakafu hadi kwenye kifusi, linapandishwa hadi juu ya paa, na feni ndogo inavuta usiku na mchana. Hapo mwelekeo wa hewa unageuka. Badala ya nyumba kuinyonya ardhi, bomba linainyonya kwanza na kuitema juu. Mfumo mzuri unaweza kuondoa hadi asilimia 99. Hakikisha fundi anaweka kionyeshi cha mgandamizo kwenye bomba, kile chenye kimiminika cha rangi ndani ya mrija wenye umbo la U. Pande mbili za kimiminika zikilingana, feni imesimama.

Nipime tena lini?

Baada ya marekebisho, subiri angalau saa 24 feni ikiwa inafanya kazi, kisha pima kabla ya siku 30 kwisha. Ikiwezekana kipimo hicho kifanywe na mtu mwingine, si yule aliyefunga mfumo. Kisha rudia kila miaka 2. Nyumba isiyo na mfumo ipimwe tena ukiongeza vyumba, ukibadilisha sakafu, ukiweka madirisha yanayobana zaidi, au ukihamishia kitanda ghorofa ya chini. Andika chumba, mahali kilipokaa kifaa, tarehe ya kuanza na kumaliza, na namba ya kikasha, na karatasi hiyo ikae pamoja na hati za nyumba ili atakayekuja kuishi humo aikute.